Mtu wa Siyu, Mtu wa Witu

Januari 2007 tulitangaziwa kwamba Fazul Abdullah Mohammed, mshukiwa wa mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani, amekufa. Ndege za Marekani zilikuwa zimepiga kusini mwa Somalia, upande wa mpaka wetu wa Kenya, na afisa mmoja wa serikali ya Mogadishu akasema jina la Fazul limo kwenye orodha ya waliouawa. Redio zikatangaza, magazeti yakaandika. Hazikupita siku nyingi, Wamarekani wenyewe wakasema hapana, hatukumpata. Agosti 2008 polisi wakavamia nyumba mjini Malindi wakimsaka maiti huyohuyo. Wakakuta pasipoti, wakakuta kompyuta, mwenyewe keshatoroka. Kisha Juni 2011 akatangazwa kufa tena, safari hii ndani ya Mogadishu.

"Huyu bwana ana roho ngapi?" aliuliza mzee mmoja pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, kahawa ikizunguka. Watu walicheka, na sidhani yupo aliyemjibu.

Nimesikia mara nyingi wasomi wetu, hasa wale wanaokuja kutoka Nairobi na daftari, wakilitaja shaka la namna hii kama maradhi ya watu wa Pwani. Eti hatuamini chochote, kila kifo tunakitafutia mkono wa mtu nyuma yake. Mimi nimeliona jambo hili kwa upande mwingine. Mzee yule hakuwa na nadharia yoyote ya njama. Alikuwa na kumbukumbu. Alitangaziwa kifo, akaamini kama raia mwema, kifo kikafutwa. Leo analetewa kifo kingine cha mtu yuleyule, kwa sauti ileile, na anatakiwa aamini kwa haraka ileile. Mtu aliyeuziwa samaki mbovu jana ana haki ya kuinua shavu la samaki wa leo kabla hajatoa pesa.

Na habari za 2011, ukizisikia mara ya kwanza, zilikuwa na kila kitu cha kuwatia watu wasiwasi. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni, gari lilipotea njia likaangukia kizuizi cha wanajeshi wa serikali ya Somalia. Risasi zikalia, waliokuwemo wakafa. Wanajeshi hawakujua wamemuua nani. Mfukoni mlikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la mtu mwingine, na kwenye gari dola kama 40,000. Wakawazika. Baadaye ndipo ikajulikana kwamba huenda mmoja wao ndiye mtu mwenye dola milioni 5 juu ya kichwa chake, wakarudi kumfukua, vipimo vya DNA vikafanywa. Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, siku zile alikuwa ziarani Dar es Salaam, na akiwa huko akalitaja tukio hilo kama pigo kubwa kwa al-Qaeda. Huku nyuma uvumi ukaenda mbali zaidi: kwamba hakupotea njia, bali wenzake ndio waliomwelekeza kwenye kizuizi kile.

Mimi naamini alikufa usiku ule. Vipimo vilifanywa, na waliovifanya walikuwa na sampuli za kulinganisha. Lakini kuamini kwamba amekufa hakujajibu hata moja katika maswali tuliyokuwa nayo juu yake, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Fazul alizaliwa Komoro. Marekani ilimshtaki kwa kushiriki kupanga mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi zake za Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia tu. Baadaye akahusishwa na shambulio la Hoteli ya Paradise, Kikambala, tarehe 28 Novemba 2002. Kabla ya Kikambala aliishi Siyu, kisiwani Pate, kwa jina la Abdul Karim. Alisomesha watoto madrasa, akaanzisha timu ya mpira, akaoa mji uleule. Mtu mpole, walisema waliomjua. Mtu wa watu.

Msomaji ambaye hajafika Siyu aelewe kwamba mgeni huko hajifichi. Boti inayotoka Amu, yaani mji wa Lamu, husubiri maji yajae ipite mfereji wa Mkanda, hushusha watu Mtangawanda, na tangu hapo kila uso mpya umeshaonwa. Ni mji mdogo wenye historia kubwa: ulimpa taabu Sayyid Said na majeshi yake ya Zanzibar karne ya 19, na mafundi wake wa ngozi na wa mbao walijulikana pwani nzima. Ni mji uliozoea wageni wa elimu. Mtu anapokuja akisema yeye ni mwalimu wa Kurani, anapewa chakula, anapewa pa kulala, na akionekana ana tabia njema anapewa mke. Hilo si kosa la jinai. Ndivyo tulivyolelewa.

Baada ya Kikambala wachunguzi walifika kisiwani, wetu na wa kigeni. Nyumba zikapekuliwa, watu wakachukuliwa kwenda kuhojiwa. Kisha wakaja wanajeshi wa Marekani na misaada, wakakarabati shule, wakachimba visima, na watu wakayanywa maji yale huku wakijua wazi kwa nini wamechimbiwa wao na si wengine. Tangu wakati huo jina la Siyu limekaa kwenye taarifa za usalama, na kijana wa huko akitaja atokako kwenye kizuizi cha polisi barabarani, kitambulisho chake hugeuzwa mara mbili.

Sasa fikiria Fazul angekamatwa hai, akapandishwa kizimbani. Wakili wa serikali angelazimika kuonyesha, kwa shahidi na kwa karatasi, nani alimpokea, nani alijua jina lake halisi, nani alidanganywa. Wakili wa utetezi angesimama kubisha. Huenda mambo ya aibu yangetoka. Huenda ingebainika kwamba fulani alijua. Lakini pia ingebainika, na kuandikwa kwenye hukumu, kwamba mamia ya wengine hawakujua. Alipokufa, mashtaka yake yalikufa naye kisheria. Ya kijiji hayakufa, kwa sababu hayakuwahi kuandikwa popote. Hakuna karatasi ya kuyafuta.

Haya siyasemi kwa kukisia. Tuna mfano karibu, bara ya Lamu hapa hapa.

Mohammed Saddiq Odeh alikaa Witu. Witu wengine huijua kwa masultani wake na vita vya 1890, wengine huipita tu kwenye basi baada ya Garsen, shingo imeshaanza kuuma. Odeh aliishi hapo akitengeneza fanicha, baada ya kufanya uvuvi Mombasa. Usiku wa kuamkia mlipuko wa Nairobi alipanda ndege kwenda Karachi, na akakamatwa uwanjani huko siku ileile mabomu yalipolipuka, akiwa na pasipoti ya bandia. Akarudishwa Kenya, kisha akapelekwa New York.

Kesi ilianza mapema 2001, Manhattan, mbele ya Jaji Leonard Sand, washtakiwa wakiwa wanne. Ilichukua miezi. Humo ndimo dunia ilipoisikia Witu. Maajenti wa FBI walieleza aliyowaambia Odeh alipohojiwa. Ilielezwa jinsi mkubwa mmoja wa al-Qaeda alivyomsaidia kupata boti ya kuanzia kazi ya uvuvi, na faida ikawa inalisha kundi. Mchoro uliochukuliwa nyumbani kwake Witu uliletwa mahakamani. Upande wa mashtaka ukasema ni ramani ya ubalozi, mawakili wake wakapinga. Alitiwa hatiani Mei 2001, akafungwa maisha Oktoba mwaka huohuo.

Mtu wa Witu anaweza hadi leo kusema hukumu ile haikuwa ya haki, na wapo wanaosema hivyo. Anaweza kusema jopo la raia wa New York haliwezi kumwelewa fundi wa Witu. Sawa. Lakini ana kitu cha kubishia. Kuna kurasa. Anaweza kusema shahidi fulani alisema hivi, na wakili hakumuuliza vile. Mtu wa Siyu akitaka kubishana juu ya Fazul, hana ukurasa. Ana yule afisa alisema, na yule mwandishi aliandika, na mjomba alisikia.

Na tusidhani kwamba mahakama hutoa tu kile ambacho kila mtu ameshakijua. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa katika kesi hiyohiyo ya balozi. Alikamatwa Pakistan 2004, akapitia mikononi mwa CIA na gereza la Guantánamo, kisha akafikishwa mahakama ya kiraia ya New York 2009, na kesi ikasikilizwa 2010. Alikuwa na mashtaka zaidi ya 280, yakiwemo ya mauaji ya watu wote 224. Jopo la raia wa kawaida wa Marekani, wakazi wa mji uleule uliopigwa Septemba 11, lilimwachilia katika yote isipokuwa moja: njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Kwa hilo moja akafungwa maisha. Unaweza kuipenda hukumu hiyo au kuichukia. Lakini Ghailani angekufa Pakistan kwa risasi ya usiku, vitabu vyote leo vingemwita muuaji wa watu 224 na hakuna ambaye angetia alama ya kuuliza. Jopo lilisikiliza, likasema hilo halikuthibitishwa mbele yetu. Fazul hakupata jopo. Alilonalo kwenye vitabu ndilo alilokuwa nalo siku ya kwanza ya mashtaka, na huenda lote ni kweli. Huenda.

Kesi hii ya balozi ni kama imelaaniwa kwa vifo vya njiani. Osama bin Laden mwenyewe alikuwa mshtakiwa ndani yake. Alipouawa Mei 2011 na mwili wake kutupwa baharini, ilibidi Jaji Lewis Kaplan atie saini Juni mwaka huo kuyaondoa mashtaka, maana maiti hashtakiwi. (Hayo maziko ya baharini ndiyo yaliyowakera sana watu wa kwetu, wanaoijua bahari na wanaojua Muislamu huzikwa baharini lini. Kwamba picha hazikutolewa, walikasirika kidogo. Kwamba mtu alifia nchi kavu akapelekwa kuzikwa majini, hilo lilizungumzwa miezi.) Kisha kuna mshtakiwa mwingine, Abu Anas al-Libi, aliyenyakuliwa Tripoli na Wamarekani Oktoba 2013, akafikishwa New York, akakana mashtaka. Alikuwa mgonjwa wa ini. Akafia hospitali tarehe 2 Januari 2015, siku chache kabla kesi yake kuanza kusikilizwa. Familia yake Libya haikukubali kwamba ni ugonjwa tu. Waliilaumu serikali iliyomchukua. Madaktari wanaweza kuwa na ukweli wote. Lakini mke anayeletewa jeneza badala ya hukumu utamwambia nini akakuelewa?

Vijana wa Amu, hata hivyo, ukiwatajia kifo cha mtuhumiwa kabla ya kesi hawakutajii al-Libi. Wanakutajia Jeffrey Epstein. Nimewasikia ufukweni wakimjadili kwa undani kuliko wanavyomjadili diwani wao, na sehemu kubwa ya wanayoyasema ni takataka za mtandaoni. Sehemu nyingine si takataka.

Tajiri yule wa Marekani alikamatwa Julai 2019 kwa kusafirisha na kuwadhulumu wasichana kingono. Tarehe 10 Agosti akakutwa amekufa kwenye seli yake New York. Mganga wa serikali ya jiji akasema amejinyonga. Daktari aliyeajiriwa na ndugu wa marehemu akasema mifupa ya shingo inamtia shaka. Siku moja kabla, mwenzake wa seli alihamishwa na hakuletwa mwingine, ingawa maagizo yalikuwa asikae peke yake. Walinzi wawili hawakufanya ukaguzi wa usiku, kisha wakajaza vitabu kwamba walifanya. Kamera nyingi za eneo lile hazikuwa zikirekodi. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alitoa ripoti Juni 2023 akaeleza uzembe huo hatua kwa hatua, wala hakupata dalili ya mkono wa mtu mwingine. Julai 2025 wizara ikarudia kwamba alijiua, ikatoa na video ili kuwatuliza watu, na video yenyewe ikawa imekosa kama dakika moja kabla ya saa sita ya usiku. Hapo ungelikuwa wewe ni kijana mwenye simu na bando la siku moja, ungelala?

Nikiulizwa, nasema uzembe unatosha kueleza karibu yote. Jela zote duniani zina walinzi wanaolala. Ninapotengana na vijana ni pale wanapoligeuza shaka kuwa imani, wakashikilia kwamba fulani ndiye aliyemuua, na kila ripoti inayokanusha ikawa ushahidi mpya wa kuficha. Aliyefika hapo haulizi tena. Amefunga kesi kama walivyofunga wale anaowalaumu. Lakini wanaosema kamera zilikuwa wapi wako sawasawa, na waliendelea kuwa sawasawa hata baada ya ripoti, kwa sababu ripoti ndiyo iliyowathibitishia kwamba kamera hazikuwa zikirekodi.

Kuna jambo moja katika kesi ya Epstein ambalo vijana hawalitaji kabisa, na mimi ndilo nililolishika. Mshtakiwa akifa, kesi yake hufungwa. Hiyo ni sheria ya huko na ni sheria ya huku. Waendesha mashtaka waliomba ifungwe. Jaji Richard Berman angeweza kutia saini akaenda kula. Badala yake, tarehe 27 Agosti 2019, aliitisha kikao cha wazi akawaalika wanawake waliodai kudhulumiwa waje waseme. Zaidi ya 20 walisema, wengine kwa majina yao, wengine kupitia mawakili. Siku mbili baadaye akaifunga kesi. Hakuna aliyehukumiwa siku ile, na hakuna aliyedanganywa kwamba atahukumiwa. Lakini maneno yao yaliingia kwenye kumbukumbu za mahakama, si kwenye uvumi.

Kwetu mtu akifa kabla ya kesi, huletwa cheti cha kifo, faili hufungwa, na mashahidi waliokuwa wakisubiri hurudi makwao kwa nauli zao. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamtaka hakimu achunguze kifo kilichotokea mikononi mwa polisi au gerezani, na hilo ni jema. Lakini uchunguzi huo huuliza mtu alikufaje. Hauulizi alituhumiwa nini na ukweli wake ni upi. Mimi ningependa mahakama zetu ziwe na siku kama ile ya Berman. Na kwa watu wa Siyu, ambao mtu wao hata cheti cha Kenya hana, ningependa yale maelezo waliyoandikisha mbele ya polisi baada ya 2002 yafunguliwe, yasomwe mbele yao kwa Kiswahili, ili mwenye la kusahihisha asahihishe angali hai.

Siyu ina jeraha jingine, na siwezi kuliruka. Sheikh Aboud Rogo alikuwa mtoto wa kisiwa hicho. Alishtakiwa kwa Kikambala, akakaa rumande, na 2005 mahakama ikamwachilia. Kumbuka hilo: ilisikiliza, ikamwachilia. Baadaye akashtakiwa tena kwa mambo ya silaha, Umoja wa Mataifa ukamwekea vikwazo Julai 2012, na kesi ikiwa bado haijaisha, tarehe 27 Agosti 2012, akamiminiwa risasi ndani ya gari Mombasa, mkewe akiwa pembeni yake. Mji ukawaka moto siku kadhaa. Watu walisema polisi wamemuua, polisi wakakana. Kikaundwa kikosi maalumu cha uchunguzi, na mwaka uliofuata kikasema hakikuweza kumtambua aliyeua, kikapendekeza uchunguzi wa hadharani mbele ya hakimu. Aprili 2014 mwenzake, Sheikh Abubakar Shariff aliyejulikana kama Makaburi, akapigwa risasi nje ya mahakama ya Shimo la Tewa. Yeye alikuwa ameshawaambia waandishi wa habari kwamba na yeye atauawa.

Sikupenda mengi aliyoyasema Sheikh Rogo kwenye kanda zake, na nilikuwa na jamaa waliompenda, tukakosana. Lakini kama maneno yale yalikuwa uhalifu, tulistahili kumsikia jaji akisema hivyo na kueleza kwa nini. Kwa wafuasi wake sasa ni shahidi, kwa serikali ni gaidi aliyekwisha, na kijana aliyekuwa na miaka 10 wakati ule anachagua kati ya hayo mawili kufuatana na nani aliyemtumia video kwanza.

Na sisi tuna sehemu yetu. Sheikh alizikwa siku ileile. Ndiyo desturi, na ndiyo sunna, maiti asikawizwe. Nimekaa kwenye matanga ambako askari alipotaja upasuaji wa maiti wanaume walisimama. "Mwamtaka nini tena? Mshamuua, sasa mwataka kumkata?" Naielewa hasira ile hadi kwenye mifupa. Lakini baada ya wiki watu walewale huuliza ushahidi uko wapi. Uko kaburini, na risasi iko nao. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu upasuaji pale ambapo haki ya mtu inategemea, na maimamu wetu wanayajua hayo, ila hawayasemi mimbarini mpaka maiti awe wa mbali.

Linganisha na kifo cha Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akapelekwa Nairobi, na kufikia asubuhi yake akawa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Maiti haikuzikwa upesi. Ilipasuliwa, na mwanapatholojia wa serikali akatoka mbele ya kamera akasema kuna majeraha ya kichwa, shingo imebanwa, mwili una alama za kupigwa, na haya hayafanani na mtu aliyejigonga. Ndani ya siku chache maelezo ya polisi yakaporomoka, Rais akasema hadharani kwamba kijana alifia mikononi mwa polisi, na IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ikasema kamera za kituo zilichezewa. Maafisa wakashtakiwa kwa mauaji, akiwemo mkuu wa kituo. Wale waliokuwa wakisema tusikimbilie kulaumu, tusubiri, hawakupata muda hata wa kumaliza sentensi.

Kila mara serikali inaposhikwa na uongo kama ule, haipotezi kesi moja. Inaharibu na matangazo yake ya kweli yajayo. Atakapofia rumande mtu mwingine kwa kifua kikuu, kwa kisukari, kwa homa tu, tangazo lake litapokewa na masikio yaliyosikia kwamba Ojwang alijigonga ukutani. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya koroni, yaani mchunguzi wa vifo, mwaka 2017, ili kifo cha namna hii kichunguzwe na ofisi isiyo ya polisi. Miaka ikapita bila ofisi hiyo kusimama. Ukishalijua hilo, sijui utamwambia nini mtu anayekataa kuamini.

Malindi walipata mtihani wao Juni 2023. Miezi miwili kabla, msitu wa Shakahola ulikuwa umeanza kutoa maiti, waumini wa mhubiri Paul Mackenzie walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Hesabu ilikuja kupita 400, watoto wengi miongoni mwao. Washukiwa walikuwa rumande. Mmoja wao akafa akiwa anatibiwa mjini humo, na upande wa mashtaka ukasema alikuwa amegoma kula. Basi mji ulizungumza. Amegoma kweli au amenyimwa? Alikuwa na jina la nani mdomoni? Mbona yeye na si Mackenzie? Nilikuwa Malindi siku zile, na kutoka soko la zamani mpaka stendi ya matatu za Watamu ungeyasikia.

Miezi michache baadaye nilirudi na hakuna aliyekuwa akizungumzia kifo kile. Nilipouliza, mwenye duka la vitambaa alinitazama kama niliyekuja kudai deni la kale. "Yule? Alikufa, Mungu amsamehe. Sasa tunangoja waliobaki waeleze." Mapema 2024 Mackenzie na wenzake walisomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia mjini Mombasa, na ya mauaji ya watoto 191 mbele ya Mahakama Kuu ya Malindi, wakakana. Mashahidi wameletwa, wakiwemo walionusurika, wengine wakizungumza kwa siri kwa ajili ya usalama wao. Hadithi ilikuwa na pa kwenda. Mmoja wa waliokuwa nayo alikufa, wengine wakabaki kizimbani, na swali la nani aliyesema watoto ndio watangulie kufa kwa njaa bado lilikuwa na watu wa kuulizwa.

Kesi za Shakahola huahirishwa mara kwa mara na huchosha. Nafasi za wananchi kwenye chumba cha mahakama ni chache, na familia huja mapema kutoka mbali. Ukitaka kusikia kwa masikio yako, fika kabla ya saa mbili.